Kaka, jino la mbele ndiyo basi tena

Buguruni, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Kaka Side,

Habari za Moro? Huku wote wazima, mama anakusalimu, na Mzee Trombo bado anadai uliondoka na shati lake la bendi. Mrudishie tu, tumechoka kusikia.

Najua tumekaa kimya muda mrefu. Sasa nina shida, na kati ya wapuliza wote ninaowajua, wewe ndiye uliyepitia njia hii.

Ni lile jino la juu, lililompanda mwenzake. Harusi ya mwisho kabla ya Kwaresma tulikuwa juu ya kirikuu mbele ya msafara, nimesimama naliza noti za juu kabisa, dereva akavamia tuta bila kupunguza mwendo. Kidomo cha tarumbeta kikagonga jino, pwaa, kipande kikavunjika! Nikapiga hadi ukumbini na leso ina damu. Bwana harusi kuniona machozi yananitoka akanitunza, akidhani nimeguswa na ndoa yake.

Daktari kapiga picha: mzizi umepasuka, ling'olewe. Hilo sina ubishi nalo. Ubishi ni kitakachokaa pale. Ananiambia, "Nitakuwekea zuri, limenyooka." Nikamwambia sitaki lililonyooka. Akaniona nimechanganyikiwa! Wewe unaelewa. Miaka yote kidomo kinaegemea pale, midomo imezoea kutetemekea pale, hewa inatokea upande ule ule. Ukisogeza jino kidogo tu, pembe yote inabadilika, noti za juu zinabaki upepo mtupu. Yeye anatengeneza mdomo wa kulia ugali na kupigia picha. Mimi nataka wa kupulizia.

La kuvaa na kuvua, lile la plastiki, ni nafuu, lakini lina sahani inayofunika kaakaa, sasa ulimi nitaugonga wapi? Na ukikandamiza kidomo linacheza. Daraja, yaani jino linaloshikizwa kwa majirani zake, linakaa imara, ila lazima achonge meno mawili ya jirani, mazima kabisa, na hilo linaniuma kuliko kung'oa kwenyewe. La kupandikiza ndilo ninalolitamani. Lakini mfupa mara nyingi unataka miezi 3 hadi 6 kuishika skrubu inayobeba jino, na bei yake, we acha tu. Pasaka ikipita harusi zinafunguka, na mwenye nyumba hajali habari za mfupa.

Nimemwomba kitu kimoja: kabla hajashika koleo, achukue chapa ya meno yote. Kipande kilichovunjika ninacho, nimekihifadhi kwenye kopo la vaselini. Akipachike kwanza, ili jino jipya lifuate upogo ule ule. Kakubali huku anacheka. Acheke, mradi afanye.

Kibonge wa bendini anasema nihamie besi, lile tarumbeta kubwa, eti kidomo chake kikubwa hakielemei jino moja. Huenda ni kweli, lakini nani atalibeba lile dude juu ya kirikuu? Halafu namkumbuka yule Chet Baker, mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani uliyekuwa unanilazimisha kumsikiliza, aliyepigwa mwaka 1966 meno yakaharibika. Alirudi akiwa na meno ya bandia, lakini ilimbidi ajifunze kupuliza upya. Ile "upya" ndiyo inayonikosesha usingizi.

Sasa niambie. Baada ya kung'oa ulikaa muda gani bila kupuliza? Huyu daktari ananikataza mpaka kidonda kifunge, anasema damu iliyoganda ikitoka shimoni nitajuta. Ulianza na noti ndefu za chini, au ulirukia nyimbo moja kwa moja? Daraja lako halilegei ukipiga usiku kucha? Walikuchonga sana? Shemeji bado yuko Muhimbili upande wa meno? Kama yupo, muulize kama kuna daktari pale aliyewahi kumtengenezea mpuliza, nipate maoni ya pili kabla sijafungua mdomo.

Na kile kidomo chako chenye ukingo mpana unakitumia bado? Nasikia ukingo mpana unasambaza mkandamizo, fizi zinapumua. Kama kimelala tu kabatini, mpe kondakta wa basi, nitakipokea stendi ya Magufuli. Nauli ya mzigo juu yangu.

Wako,
Pengo (Kibonge keshanibatiza)