Barua ya wazi kwa Kamishna wa Forodha: Tuelezeni namba ya ushuru kabla mzigo haujapakiwa

Ndugu Kamishna,

Salaam kutoka Kariakoo. Sisi wauza mapambo, Krismasi yetu huanza mwezi wa saba, tunapolipia mzigo Yiwu, China. Bei ya dukani huwa tumeshaipiga hesabu kabla meli haijang'oa nanga, na ushuru umo ndani ya hesabu hiyo. Ombi langu ni moja: maamuzi ya uainishaji wa bidhaa hizi, yaani ipi inapewa namba gani ya ushuru, yatangazwe kwa Kiswahili, picha ya bidhaa ikiwa pembeni.

Kwa mteja, kontena zima ni vitu vya Krismasi, basi. Kitabu cha ushuru kinalichambua vingine: kila bidhaa ina namba yake, na kiwango cha ushuru hufuata namba. Mti wa plastiki na mipira ya kuning'iniza ni 9505.10. Taa za kumeta, ambazo dukani tunaziita taa za Krismasi, zimeondolewa kabisa Sura ya 95, ile yenye namba zinazoanza na 95. Za LED zinakwenda 9405.31. Mishumaa ni 3406. Kitambaa cha meza chenye picha ya Baba Krismasi kinahesabiwa kama kitambaa kingine chochote, kwa kuwa kina kazi yake mezani. Hapo hakuna ubishi, yameandikwa.

Ubishi uko kwenye ua. Chukua ua jekundu la plastiki, limenyunyiziwa chengachenga za dhahabu, shina lina kibanio cha kushika tawi la mti. Ni ua la bandia la 6702 au pambo la 9505? Wakala mmoja wa forodha atakwambia kibanio ndicho kinachoamua. Mwingine atasema wapambaji wa kumbi za harusi Sinza hulinunua hilo hilo mwezi wa nne, kwa hiyo ni ua tu. Wote wana hoja, na hela ni yangu. (Wamarekani nao walivutana hadi mahakama ya rufaa mwaka 1997 kuhusu mapambo ya sikukuu, kwa hiyo tusionekane wakorofi.)

Tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una viwango vya asilimia 0, 10, 25 na 35. Tuseme wakala amekadiria 25, ikaamuliwa 35. Kwa mzigo wenye thamani ya forodha ya shilingi milioni 10, ushuru unapanda kwa milioni 1, na VAT ya asilimia 18 inatozwa juu yake. Jumla 1,180,000 zaidi, tozo nyingine hazijaguswa. Faida ya ua haifiki huko.

Najua Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kifungu cha 229, inaniruhusu kuomba mapitio ya uamuzi, nawe una siku 30 za kujibu. Ni haki nzuri kwa muuza vyuma, ambaye bidhaa yake haina msimu. Kwa mapambo yaliyofika mwisho wa Novemba, jibu linanikuta Januari, na gharama za kuhifadhi mzigo bandari kavu zinahesabika.

Ndiyo maana uamuzi wa awali, unaotolewa kabla bidhaa haijaingizwa, unatufaa zaidi. Ukishatolewa kwa mmoja, fichani jina lake, tangazeni namba, picha na sababu, ili muuza fremu ya jirani naye asome. Fanusi za Ramadhani nazo zisisahaulike.

Tuanze na hilo ua. Sampuli ninazo, zenye kibanio na zisizo nacho, nitazileta siku mtakayopanga, ila iwe kabla ya mwezi wa saba.

Mfanyabiashara wa mapambo,
Kariakoo, Dar es Salaam