Kipimo cha damu kwa wenye kope zinazoanguka

Mhariri, naomba kanafasi. Dada yangu asubuhi yuko poa ila ikifika saa kumi jioni kope zinaanguka, anazishikilia kwa kidole ndo aone TV, chapati anatafuna mpaka taya linagoma. Miaka miwili tunaambiwa mara stresi mara mashetani, kumbe ni miasthenia gravisi, kingamwili zake mwenyewe zinashambulia pale neva inapoupa msuli amri. Kipimo ni damu tu jamani! Ugonjwa ukishasambaa mwilini, wagonjwa kama 85 kwa 100 wanakutwa na kingamwili hizo kwenye damu, ingawa damu ikitoka safi bado haimaanishi huna. Sasa mbona sampuli yetu ilipelekwa nje ya nchi na bima ikagoma kulipa?

Msomaji wako, Morogoro