Malalamiko Kuhusu Toleo la Uhalisia Pepe la Mchezo Wenu wa Zamani

Tanga, Tanzania
14 Aprili 2025

Kwa Mkuu wa Huduma kwa Wateja,
Nakala: Mkuu wa timu iliyotengeneza toleo la uhalisia pepe

Ndugu,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU TOLEO LA UHALISIA PEPE NA MAOMBI YA KUREJESHEWA FEDHA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu ambaye mwezi uliopita nilinunua, kwa dola 39.99, toleo la uhalisia pepe (VR), yaani la kuchezwa kwa miwani inayomwingiza mchezaji ndani ya picha, la mchezo wenu wa kuvamia ngome, ule wa tatu katika mfululizo wake. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu ukurasa wenu wa huduma unasema mnapokea barua kwa lugha yoyote, na kwa sababu ninayotaka kuyasema ni mengi na nisingependa yapotee njiani nikiyatafutia maneno ya kuazima.

Mfululizo huu niliufahamu nikiwa darasa la sita, katika kibanda cha gemu kilichokuwa nyuma ya stendi, ambako mimi na mdogo wangu tulikuwa tukichanga hela ya nusu saa, mmoja akishika pedi na mwingine akimpigia kelele za maelekezo. Kila aliyeucheza zamani anakumbuka lango la chuma la ngome ya mwisho: gurudumu kubwa la kulifungulia, mnyororo unaolia, na walinzi wanaotokea kabla hujamaliza kuzungusha. Tulikuwa tunabonyeza kitufe kimoja mfululizo hadi kidole gumba kinauma. Kwa hiyo nilipoona tangazo lenu kwamba mchezo huo unaletwa kwenye miwani ya uhalisia pepe, sikuwaza hata kidogo picha zitakuwa nzuri kiasi gani. Niliwaza lile gurudumu, na kwamba safari hii nitalishika kwa mikono yangu miwili.

Nilitumia mabando matatu ya usiku kupakua GB 28 za mchezo huo, na baada ya jioni kadhaa nikalifikia lango. Nikasogea, nikanyoosha mikono, nayo ikapita katikati ya gurudumu kana kwamba inapita kwenye moshi. Kikatokea kibao kidogo hewani kikinitaka nibonyeze kitufe. Nikabonyeza. Likaingia giza, kisha mbele yangu ikaning'inia skrini bapa ya mstatili, mithili ya televisheni iliyowashwa katika chumba kisicho na taa, na ndani yake yule shujaa, ambaye sekunde chache nyuma nilikuwa mimi mwenyewe, akaonekana kwa mgongo akizungusha gurudumu kwa niaba yangu. Skrini ikazimika. Lango lilikuwa limeshafunguka na walinzi wameshafika.

Naomba nieleweke kwamba silalamikii skrini bapa peke yake. Resident Evil 4, mchezo wa mwaka 2005 uliochezwa kwa kamera inayomtazama mhusika kutoka nyuma ya bega, ulipoletwa kwenye miwani ya Quest 2 mwezi Oktoba 2021 nao ulionyesha visa vyake, yaani vipande vya hadithi ambavyo mchezaji hutazama tu, kwenye skrini ya namna hiyo hiyo, na mimi niliucheza hadi mwisho bila manung'uniko. Kisa kilipokwisha, mchezaji alirudishiwa mwili wake: bastola iko kiunoni, kisu kifuani, bunduki ndefu begani, na risasi zikiisha unazipachika kwa mkono wako huku adui anakusogelea na vidole vinatetemeka. Waliofanya kazi ile walikipitia kila kitendo cha mchezo wa zamani na kukitafutia kazi ya mkono. Batman: Arkham Shadow ya mwaka 2024 ilifanya vivyo hivyo kwa ngumi ambazo kwa miaka mingi, katika michezo ya Batman iliyotangulia, wachezaji walizirusha kwa kubonyeza vitufe. Mchezo wenu, kwa upande wake, umepeleka macho ya mchezaji ndani ya ngome na kuiacha mikono nje. Katika sura nne nilizozicheza nimekuta vitu vitatu tu vinavyoshikika: upanga, tochi, na kikombe cha udongo kilichopo jikoni mwa ngome. Kikombe hicho, lazima nikiri, mmekitengeneza vizuri ajabu. Kinashikwa kwa mpini, kinamwaga maji, ukikirusha ukutani kinavunjika vipande visivyolingana, na nilibaki najiuliza kwa nini fundi aliyekitengeneza hakukabidhiwa na lango.

Jambo la pili ni zito zaidi kwa kuwa linahusu afya ya wateja wenu. Mdogo wangu niliyemtaja hapo juu ni fundi pikipiki, mtu wa miaka 33 ambaye amevuka bahari kwenda Pemba kwa mashua mara nyingi bila kutapika. Jumamosi moja nilimvisha miwani ili naye aione ngome yetu ya utotoni. Dakika ya tisa, alipokuwa anapanda ngazi ya mnara, mchezo wenu ulimpokonya kichwa: kamera ilijigeuza yenyewe kwenda kushoto, ikapaa, ikazunguka mnara ili kuonyesha mandhari, kama ilivyofanya katika mchezo wa zamani, ilhali yeye alikuwa amesimama wima katikati ya sebule yangu. Nilimwona akiinua mguu wa kulia kujishikiza kwenye ngazi isiyokuwepo. Akapapasa meza, akavua miwani, na jasho lilikuwa limemtoka hadi kola ya shati imelowa. Alikaa barazani zaidi ya saa nzima akinyonya ndimu aliyopewa na shangazi, ambaye tangu siku hiyo anakiita kifaa changu "kile kidudu".

Watu wa fani yenu mnaifahamu sababu kuliko mimi, lakini naiandika ili isisemekane kwamba mteja hakuelewa kifaa. Ndani ya sikio kuna kiungo kinachouambia ubongo kama mwili unasogea au umetulia. Macho yanapoambiwa kwamba mwili unapaa wakati sikio linasema mwili umesimama, ubongo hupokea habari mbili zinazopingana, na matokeo yake ni kizunguzungu na kichefuchefu. Ndiyo maana kamera inayojiendesha, ambayo kwenye televisheni ilikuwa pambo zuri, kwenye miwani inageuka kuwa adhabu. Ndiyo maana pia picha zinapaswa kwenda sambamba na shingo ya mchezaji wakati wote, lakini katika mchezo wenu, walinzi wakifika sita kwa mpigo, picha zinakwama na dunia nzima inaburuzika nyuma ya kichwa.

Tena dawa za tatizo hili zimekuwa zikijulikana kwa miaka mingi. Skyrim VR, iliyotoka mwezi Novemba 2017 na ambayo ilikuwa mchezo wa kawaida uliohamishwa kama wenu, ilimruhusu mchezaji kuchagua kati ya kutembea mfululizo na kuhama papo hapo kutoka sehemu moja hadi nyingine, kugeuka kwa vipande, yaani kwa hatua za ghafla, badala ya kuzunguka mfululizo, na kupunguza upana wa picha wakati wa mwendo. Half-Life: Alyx ya Machi 2020 iliongeza namna zaidi za kutembea, ikamkumbuka na mtu anayecheza akiwa ameketi. Assassin's Creed Nexus ya mwaka 2023, ambayo kazi yake kubwa ni kupanda majengo marefu, iliwawekea hata wanaoogopa urefu msaada wao. Mimi nilifungua menyu ya mipangilio ya mchezo wenu nikitarajia kupata japo nusu ya hayo, nikakuta sauti, mwangaza na maandishi ya chini ya picha. Hakuna mpangilio wa kugeuka, wa kutembea, wala wa kucheza ukiwa umekaa; na mtu akikaa, kidevu cha shujaa kinakuwa usawa wa meza na walinzi wanampita wakitazama juu ya kichwa chake. Maandishi yenyewe ni madogo na yameganda mbele ya uso, yanafuata kila unakotazama, hivi kwamba kuyasoma ni sawa na kujaribu kusoma karatasi iliyobandikwa kwenye ncha ya pua.

Nakuja kwenye bei na maelezo ya dukani. Sipingi kampuni kutoza fedha kwa kazi mpya. Skyrim VR na Fallout 4 VR ziliuzwa kando kwa dola 59.99 kila moja, na walionunua walijua wananunua nini. Wapo pia waliochagua njia nyingine: Gran Turismo 7, mchezo wa mbio za magari, ilipata uhalisia pepe kwa sasisho la bure tarehe 22 Februari 2023, siku ambayo miwani ya PlayStation VR2 iliingia sokoni, na karibu mchezo mzima ukachezeka kwa miwani, isipokuwa mashindano ya watu wawili kwenye skrini moja. Ninyi mmetoza fedha kwa mchezo ambao tayari ninao kwa matoleo mawili tofauti, na bado ukurasa wenu wa mauzo unauita toleo kamili, wakati kisiwa cha wafungwa na sura ya mwisho baada ya ngome, ambazo kila mchezaji wa zamani anazijua, hazimo. Nilikuja kugundua hilo kwenye orodha ya sura ndani ya mchezo wenyewe, nikiwa nimeshalipa. Aidha, picha zote za tangazo zinaonyesha mkono uliovaa glovu ya chuma ukiwa umelishika gurudumu la lango. Mkono huo ni wa nani, ikiwa mchezaji hawezi kulishika?

Siku mbili baada ya mdogo wangu kuugua niliomba kurejeshewa fedha. Jibu lilikuja ndani ya dakika nne, na kwa kasi hiyo sidhani kama kuna binadamu aliyelisoma ombi langu. Lilisema kwamba nimevuka saa 2 za kucheza zinazoruhusiwa, kwa kuwa kumbukumbu zenu zinaonyesha saa 2 na dakika 11. Naomba muuhesabu muda huo upya. Takribani dakika 30 ni za mchezo kujipanga ulipofunguliwa mara ya kwanza, nikiwa natazama nembo yenu ikizunguka. Dakika nyingine 40 na ushee ni za siku ile, miwani ikiwa juu ya kochi bila kuzimwa huku mimi nipo barazani na mgonjwa. Kinachobaki ni muda ambao mtu yeyote angeuhitaji ili kufika langoni na kugundua kwamba alichoonyeshwa kwenye tangazo hakimo.

Kwa hiyo ninaomba, kwanza, nirejeshewe dola 39.99 kupitia kadi ile ile niliyolipia. Pili, neno "kamili" na picha ya mkono uliolishika gurudumu viondolewe kwenye ukurasa wa mauzo hadi vitakapokuwa kweli. Tatu, kabla ya kuendelea kuwauzia wengine, mtoe sasisho litakalomwachia mchezaji kichwa chake katika visa vyote na kumpa uchaguzi wa kugeuka kwa vipande, wa kuhama papo hapo na wa kucheza akiwa ameketi. Hilo la gurudumu silidai kama haki, kwa maana najua kulitengeneza upya si kazi ya wiki moja; lakini ikiwa timu yenu inakusudia kuuleta na mchezo wa nne kwenye miwani, kama mlivyokwisha kutangaza, nashauri lango lake lianze kutengenezwa kwa mikono kabla ya kupakwa rangi.

Nitasubiri jibu lililoandikwa na mtu kwa siku 21 kuanzia tarehe ya barua hii. Nisipolipata, nitapeleka pingamizi la malipo kwenye benki iliyotoa kadi yangu na nakala ya barua hii kwa wenye duka la mtandaoni mlikouzia mchezo. Nimeambatanisha stakabadhi ya malipo, nakala ya jibu lenu la dakika nne, picha ya menyu ya mipangilio, na video ya sekunde 40 inayoonyesha mikono yangu ikipita katikati ya gurudumu mara sita, mara mbili za mwisho nikiwa nimepiga magoti, kwa kudhani labda nilikuwa nakosea urefu.

Wenu,

Mteja wenu tangu enzi za kibanda cha gemu