Tumtambue mnyama kabla ya kutega sumu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo limewagombanisha majirani wengi, nami nikiwamo, yaani wanyama wanaoingia bustanini usiku na kuacha kinyesi kwenye matuta ya mboga. Wapo wanaolimaliza jambo hili kwa kutega sumu, na hao ndio walionifanya nishike kalamu, kwa kuwa mara nyingi anayetegewa siye aliyechafua, na anayekufa siye aliyetegewa.

Kwa majuma kadhaa nilikuwa nikikuta vinyesi vidogo vyeusi kando ya tuta la mchicha, na bila kuchunguza lolote nilikwenda kumlalamikia jirani yangu kuhusu paka wake. Baadaye nilikivunja kimoja kwa kijiti, nikaona ndani yake vipande vya mabawa ya mbawakawa vinavyong'aa. Jioni ile nilichekecha majivu, nikayatandaza kwa wepesi kuzunguka tuta, na alfajiri nikakuta nyayo ndogo zenye vidole vilivyotawanyika na alama za kucha mbele ya kila kidole. Paka hutembea akiwa amerudisha kucha zake ndani, hivyo unyayo wake huwa wa mviringo na hauna alama hizo. Usiku uliofuata nilikaa na tochi, nikamwona mhusika: kalunguyeye, mnyama ambaye usiku kucha hula wadudu na konokono wanaotafuna mboga zetu. Nilirudi kwa jirani yangu kumwomba radhi, na ninakiri kwamba ilikuwa haki yake kuombwa.

Kinyesi chenyewe hueleza mengi kwa mwenye subira ya kukitazama. Paka huchagua udongo mkavu uliotifuliwa na kwa kawaida hukifukia, ingawa wapo wanaokiacha wazi, ilhali mbwa hukiacha juu ya ardhi au kwenye majani bila kujisumbua. Kinyesi cha panya wakubwa wa majumbani hukaribia sentimita moja hadi mbili kwa urefu, na cha panya wadogo hulingana na punje ya mchele. Cha popo hufanana sana na hicho cha panya wadogo, ila kikikauka hupukutika na kuwa unga kikibonyezwa kwa kijiti, kwa sababu kimejaa mabaki ya wadudu. Cha mjusi huwa na ncha nyeupe. Sungura huacha vidonge vya mviringo vilivyojaa nyuzi za majani. Kazi hii yote ifanywe kwa kijiti na glavu, kamwe si kwa mkono mtupu.

Nasisitiza glavu kwa sababu uchafu huu si karaha ya macho tu. Paka anaweza kutoa katika kinyesi chake vimelea vya toksoplasma, ambavyo ni hatari hasa kwa mjamzito na mtoto aliye tumboni, na vimelea hivyo huweza kuishi udongoni kwa miezi mingi. Mbwa na paka hutoa pia mayai ya minyoo, na watoto wanaochezea udongo ndio huyameza kwa urahisi. Lakini hapa pana nafuu ambayo wengi hawaijui: vimelea hivyo vya paka huhitaji walau siku moja nje ya mwili ndipo viweze kuambukiza, na mayai ya minyoo huhitaji majuma kadhaa. Kwa hiyo anayeokota kinyesi kila siku na kukitupa katika mfuko uliofungwa huondoa sehemu kubwa ya hatari, tofauti na anayekichanganya na mboji akidhani ni samadi. Mboga zinazoliwa mbichi zioshwe vizuri, hata kama tuta linaonekana safi.

Kuhusu kumzuia paka, ambaye kwa kweli ndiye mgeni wa mara kwa mara, nimeona kwamba dawa ni kumwondolea kile anachokitafuta. Anataka udongo mkavu na laini wa kuchimba, basi tuta limwagiliwe jioni, miche ipandwe kwa kukaribiana, na mahali palipo wazi pafunikwe kwa matandazo ya vijiti vigumu. Pale nilipopanda mbegu nililaza wavu wa kuku juu ya ardhi na kuufukia kidogo. Miche ilipenya matundu yake bila shida, na paka alipokwaruza mara mbili tatu akaondoka. Mchanga wa kuchezea watoto ufunikwe kila wanapomaliza. Mahali palipochafuliwa paoshwe kwa maji mengi, kwa kuwa harufu humrudisha mnyama palepale, na isitumike dawa ya kusafishia yenye amonia, ambayo kwake hunuka kama mkojo.

Wengine hutawanya vidonge vya nondo vya kabatini. Hivyo ni sumu kwa paka, kwa mbwa na kwa mtoto atakayedhani ni peremende, na udongo wa mboga si mahali pake. Sumu ya panya nayo haiishii kwa panya, kwani bundi au paka anayemla panya aliyekwisha kula sumu anaweza kudhurika pia. Panya huzuiwa kwa kuziba matundu, kuokota matunda yaliyoanguka na kutoacha chakula cha kuku nje usiku.

Ombi langu la mwisho ni kwa wenye paka. Wamwekee mnyama wao sanduku la mchanga mkavu katika kona tulivu ya nyumba na kulisafisha kila siku, kwa maana paka aliye na mahali safi kwao hana haja kubwa ya kutafuta tuta la jirani.

Wako,
Msomaji na mkulima wa bustani ya nyumbani