Wanafunzi wa udaktari wa meno wasiachwe peke yao

Ndugu Mhariri,

Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, hadi vilipofunguliwa Juni 1, wanafunzi wa udaktari wa meno waliorudi kwao hapa Tanga, binti yangu akiwemo, walibaki na wasiwasi ambao masomo ya intaneti yasingeweza kuutuliza, kwani kuziba na kung'oa jino hujifunzwa kwa mikono, mbele ya mgonjwa. Tena walijua kwamba wakirejea watainamia vinywa vya watu, penye mate na matone yanayorushwa na mashine ya kuchonga meno.

Naviomba vyuo viwe na washauri nasaha wa kudumu, wanaopatikana hata kwa simu, na siri za mwanafunzi zisimfikie kamwe mwalimu anayemsahihishia mitihani. Hofu ya siri zao kumfikia mwalimu huyo huwafunga wengi midomo.

Mzazi, Ngamiani, Tanga