Salim, Nina Ombi Kuhusu Taa Wangu

Ndugu yangu Salim,

Natumaini u mzima, wewe na shemeji na watoto. Nisamehe kwa ukimya wa miezi minne. Nimeianza barua hii mara tatu na kila mara nimeiacha nilipofika kwenye neno lenyewe, kwa hiyo leo nalitanguliza: naomba umchukue taa wangu, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani ninayemfuga tangini.

Utakumbuka kwamba alikuja akiwa hazidi kisahani cha kikombe, nawe ukasema mbele ya Kassim kuwa ninanunua mgeni atakayenihamisha sebuleni. Nilicheka. Leo, baada ya miaka mitatu, kiwiliwili chake kina upana wa sentimita 45 bila kuhesabu mkia, na tangi langu lina upana wa sentimita 60. Akitaka kugeuka hukunja kingo zake kwenye kioo, kisha hutulia kana kwamba ndivyo alivyokusudia tangu mwanzo. Kina cha tangi, ambacho nilijivunia sana wakati ule, hakimfai kitu, kwa kuwa taa huishi chini. Anachohitaji ni sakafu, na sakafu ndiyo niliyompunja.

Ningeendelea kujidanganya lau si kisa cha mwezi uliopita. Chujio lilisimama usiku bila mimi kujua. Asubuhi nilimkuta amelala mchangani, kingo za mwili zimejikunja kwenda juu, dalili ambayo wafugaji wa taa huiogopa kuliko nyingine yoyote, na yale matundu mawili ya kupumulia nyuma ya macho yakifunguka na kufumba kwa haraka. Nilipopima maji nilikuta amonia, ambayo haipasi kuwapo hata chembe. Mnyama wa ukubwa ule hula nyungunyungu na kamba kwa wingi, na sehemu ya anachokula hurudi majini kama sumu hiyo, kiasi kwamba lita 600 huchafuka upesi ingawa mimi hubadilisha theluthi ya maji mara mbili kwa wiki. Siku ile nilibadilisha nusu asubuhi na nusu tena jioni, na ni siku ya tatu tu ndipo kingo ziliponyooka. Shemeji yako, ambaye hunitania kila mara kwamba nyumba hii ina taa moja isiyozimwa, hakutania hata kidogo.

Kassim alinishauri nitie chumvi, kwa hoja kwamba taa ni samaki wa bahari. Nilimweleza kuwa huyu ni wa mito ya Amerika Kusini, na kwamba jamii yake haihifadhi tena urea mwilini kama taa wa baharini wanavyofanya ili kuhimili chumvi. Hakuridhika. Unamjua Kassim.

Birika lako lina upana wa mita mbili, na humo atageuka bila kugusa ukuta. Lakini sitamleta kabla hujawaondoa wale kambare wanaonyonya kuta, kwa sababu watamganda mgongoni wakimnyonya ute mpaka wamwachie vidonda. Changarawe nayo iondoke, kwani itamchubua tumbo. Mchanga laini utamfaa, au sakafu tupu. Hita uizungushie kinga, maana taa hulala juu yake akaungua asiondoke. Siku ya kumhamisha usije na wavu, kwa kuwa mwiba hunasa humo. Nitamnyima chakula siku mbili ili asichafue maji njiani, kisha tutamwongoza aingie mwenyewe kwenye beseni. Na ikitokea amemchoma mtu, jeraha litumbukizwe kwenye maji ya moto kadiri ngozi inavyostahimili bila kuungua, kisha aende hospitali hata kama maumivu yametulia.

Kila nipitapo karibu na tangi hupanda kwenye kioo akanionyesha tumbo lake jeupe na ule mdomo mdogo. Najua ni njaa wala si mapenzi, lakini hata hivyo... basi, tuliache hilo.

Sasa nijibu kwa ukweli. Je, umewahi kutia dawa yenye shaba katika birika hilo, hata miaka iliyopita? Chujio lako linaweza kubeba mzigo wa mlaji kama huyu, au tuliongezee jingine? Watoto bado huingiza mikono majini bila kuuliza? Shemeji ameridhia, au ndiyo kwanza anaisoma barua hii begani mwako? Na kama huwezi kumpokea, utaniambia mapema bila kunionea haya, ili nimtafutie mahali pengine kabla hajaongezeka tena?

Nangoja jibu lako.

Rafiki yako,
Idi