Nanaa yako inaungua, na sio jua peke yake

Habari zenu wateja wetu, mwezi huu wa pili haipiti siku bila mtu kuja kitaluni kwetu amebeba chungu cha nanaa, majani yameungua kwenye ncha, anasema jamani namwagilia asubuhi na jioni ila inazidi kunyauka tu. Sisi swali letu la kwanza ni hili: maji unatoa wapi?

Maana hapa Dar wengi tunamwagilia maji ya kisima na visima vingi vina chumvi, ardhini mvua ikinyesha inaishusha chini lakini kwenye chungu jua linakausha maji, chumvi inabaki humo humo, kesho unaongeza nyingine. Ukiona utando mweupe juu ya udongo ndo hiyo. Na kumwagilia kidogo kidogo mara nyingi kunazidisha tatizo, yaani mtu anajitahidi kweli na bado anaumiza mmea wake, inatusikitisha.

Fanya hivi, tafuta ndoo ya maji ya bomba au ya mvua kama ulikinga, mwagia taratibu mpaka yatoke chini kwenye matundu, subiri kidogo, rudia tena. Chungu hakina matundu? Toboa leo. Halafu kata nanaa yote ibaki vidole vitatu juu ya udongo, usiogope, kama mizizi ni mizima itachipua. Iweke inapopata jua la asubuhi, saa sita iwe kivulini, na kama iko kwenye ndoo nyeusi ihamishe kabisa, ndoo nyeusi kwa joto hili inapika mizizi.

Mrehani wenyewe ukate vichwa vya maua kila vinapotokea, majani yataendelea. Rozimeri usiizamishe na maji, acha udongo ukauke juu kwanza. Mchaichai gawanyeni mashina masika yakianza. Giligilani, japo mbegu tunauza, kwa kweli sasa hivi hatukushauri, joto linaifanya ikimbilie kutoa maua kabla hujachuma hata mara mbili, ngoja kipupwe mwezi wa sita.

Tunabadilisha udongo pia, tunachanganya mchanga, mboji na samadi iliyooza vizuri. Ukija lete chungu chenyewe na chupa ndogo ya maji unayomwagilia, kipimo cha chumvi tunacho, tutaanza na hayo maji kabla hata ya kuangalia majani.